Maganda ya .308 Yanaposumbua: Fuata Dalili Hadi Kwenye Chanzo

Mtu anayejaza risasi zake mwenyewe akiona shabaha imeanza kutawanyika, mkono wa kwanza huenda kwenye baruti. Anaongeza, anapunguza, anabadilisha kopo. Mimi nasema rudi kwenye ganda kwanza, kile kikopo cha shaba kinachobeba baruti na kichwa. Ganda ndilo linalokishika kichwa cha risasi kielekee sawasawa na mtutu, ndilo linaloziba chemba (tundu la bunduki linamokaa) ili gesi isikurudie usoni, na ndicho kitu pekee katika risasi nzima kinachotumika tena na tena. Kosa ulilolifanya miezi mitatu iliyopita bado limo ndani yake.

Haya nayaandika kwa wenzetu waliopo Marekani, Kanada na kwingineko ambako sheria inamruhusu mtu kujaza risasi zake kwa ajili ya shabaha au uwindaji. Kenya na Tanzania kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, kwa hiyo ndugu aliyeko nyumbani asome kwa kujifunza tu. Mifano yangu yote ni ya .308 Winchester, iliyotoka mwaka 1952, kwenye bunduki ya kulenga mbali ya bolti, yaani kile chuma kinachosukumwa kwa mkono kufunga chemba. Vipimo vya baruti havimo humu. Vichukue kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti yako, wala usimuulize jirani.

Tuelewane majina kwanza. Chini kabisa ni kitako, chenye kibakuli cha fataki (wengine huiita praima, ndiyo inayowasha baruti) na tundu dogo la kupitisha moto. Kisha mwili, kisha bega linalopanda kwa mteremko, kisha shingo inayokishika kichwa cha risasi, na mwisho mdomo. Dai ni kile kibumba cha chuma kwenye presi (mashine ya kubania) kinacholibana ganda lililotanuka lirudi umbo lake.

Pima kabla hujaigusa dai

Matatizo mengi niliyoyaona, yangu na ya wengine, yanatokana na kutojua ganda lako likitoka kwenye chemba yako linakuwa na urefu gani kutoka kitako hadi begani. Bila kipimo hicho unabahatisha tu.

Chukua maganda matano yaliyokwisha kupigwa kwenye bunduki hiyo hiyo, ikiwezekana mara mbili au tatu, kwa sababu pigo la kwanza mara nyingi halilitanui ganda hadi lijae chemba. Toa fataki kwanza, maana ikichomoza hata kidogo inaharibu kipimo. Kisha pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia urefu mdogo) iliyofungwa kile kipete cha kushika katikati ya bega. Andika namba zote tano kwenye daftari. Kwa bunduki ya bolti, lengo ni dai ilirudishe bega nyuma kwa inchi 0.001 hadi 0.002, yaani milimita 0.025 hadi 0.05. Unywele wa kichwani mara nyingi ni mnene kuliko hapo. Bunduki inayojipakia yenyewe inahitaji zaidi kidogo, 0.003 hadi 0.004, kwa sababu hakuna mkono wa kuisaidia bolti ifunge.

Bolti inafunga kwa kusukumwa

Hii ndiyo dalili inayoletwa kwangu kuliko zote. Ganda limepita kwenye dai, limepakwa mafuta, limebanwa, lakini bolti ikifika mwisho inagoma. Wengi hudhani dai ni mbovu.

Jaribu na ganda tupu, lisilo na fataki wala baruti. Kama unajua kuifungua bolti yako, toa pini ya kupigia na kile kidude cha kurushia ganda, ili mkono uhisi ganda peke yake. Bolti iliyovuliwa hivyo inashuka kwa uzito wake wenyewe chemba ikiwa tupu. Ukiweka ganda ikasimama katikati, lipake ganda wino wa kalamu nene begani, shingoni na juu kidogo ya kitako, ufunge, utoe, utazame wino umekwanguka wapi.

Wino ukikwanguka begani, bega bado liko mbele. Hapa pana jambo linalowachanganya watu wengi, nami lilinichanganya kwa muda mrefu. Unaiteremsha dai kidogo, unajaribu tena, na bolti inazidi kuwa ngumu! Sababu ni kwamba dai inaanza kuubana mwili kabla ya kuligusa bega. Shaba ikibanwa ubavuni haina pa kwenda isipokuwa juu, kwa hiyo bega linasogea mbele kwanza. Ukiendelea kuiteremsha, dai inalifikia bega na kulirudisha. Anayekata tamaa katikati ya safari hiyo anaondoka akiamini ameharibu kitu.

Ila teremsha kwa kiasi. Uzi wa dai za kawaida una mizunguko 14 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja kamili ni inchi 0.071, na hata ukizungusha sehemu moja ya nane tu umeshasogeza inchi 0.009. Hiyo ni zaidi ya mara nne ya tunachotaka. Mimi huchora mstari wa penseli kwenye dai na mwingine kwenye presi, nikasogeza kwa upana wa mstari wenyewe, kisha napima.

Wino ukikwanguka juu ya kitako, ganda limetanuka chini kuliko dai inavyoweza kulibana. Mara nyingi ni ganda la kuokota, lililopigwa kwenye bunduki ya chemba pana. Maganda ya kijeshi yenye herufi LC, ya kiwanda cha Lake City kule Missouri, yana sifa hiyo yakiwa yametoka kwenye bunduki za rashasha. Kuna dai maalumu zinazobana zaidi sehemu ya chini. Ushauri wangu kwa anayetafuta usahihi: yaache maganda hayo, nunua mapya 100 ya aina moja, yawe ya bunduki yako peke yake.

Na kama wino haujakwanguka popote lakini bolti bado ni ngumu, pima urefu mzima wa ganda. Kwa .308 mwisho ni inchi 2.015 (mm 51.18), na wengi tunakata hadi 2.005 (mm 50.93). Ganda refu kupita kiasi mdomo wake unagota mwisho wa chemba, na ukilipiga hivyo shingo haina nafasi ya kutanuka kukiachia kichwa njia. Shinikizo linapanda ghafla. Usiilazimishe bolti.

Mstari unaong'aa juu ya kitako

Hili ni la hatari, kwa hiyo nitakaa nalo.

Kwenye uwanja mmoja wa shabaha huku Ohio nilikutana na mzee wa Tanga, mwindaji wa kulungu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akanionyesha boksi la maganda, mengi yakiwa na pete nyembamba inayong'aa, kiasi cha upana wa kidole juu ya kitako.

"Mwanangu, hii si alama ya dai tu?"

Inaweza kuwa. Dai inapoishia kubana huacha mstari, na huo hauna neno. Tofauti iko ndani, si nje. Nikachukua kibanio cha karatasi, nikakinyoosha, nikapinda ncha yake milimita tatu hivi na kuinoa kwenye jiwe. Nikamwambia, "Mzee wangu, shika mwenyewe, ingiza hadi chini, ikwaruze ukutani ukipandisha taratibu." Ganda la kwanza, laini. La pili, laini. La tatu ncha ikatumbukia. Alinyamaza, akairudisha chini, ikatumbukia tena palepale. Hapo ukuta wa ganda ulikuwa umekonda kwa ndani, na pigo moja au mawili mbele kitako kingeachana na mwili.

Sababu yake ni ileile ya bega, ila kwa upande wa pili. Alifuata karatasi iliyokuja na dai: ishushe hadi iguse kishikio cha ganda, kisha ongeza robo mzunguko. Tulipopima, bega la maganda yake lilikuwa linarudi nyuma inchi 0.008 kila mara. Pini inapopiga fataki, ganda fupi kama hilo linasukumwa mbele. Baruti inawaka, kuta nyembamba za mbele zinang'ang'ania chemba, na nyuma inabaki nafasi kati ya kitako na bolti. Shinikizo, ambalo kwa .308 linaruhusiwa kufika pauni 62,000 kwa inchi ya mraba, linakisukuma kitako hadi kigonge bolti. Shaba inavutika pale ukuta mwembamba unapokutana na kitako kinene. Mara tano au sita za kuvutika hivyo zinatosha kulimaliza ganda ambalo lingepigwa mara kumi na zaidi.

Ukigundua ganda moja, pima yote ya fungu hilo. Lenye mfereji ndani halina dawa. Hakuna kulipasha moto, hakuna kulipunguzia baruti. Rekebisha dai, kisha anza na maganda mengine.

Matundu yanapanda na kushuka

Kwa yadi 100 kundi ni zuri, unaweza kulifunika kwa sarafu. Ukienda 600 au 1000, matundu yanajipanga kama ngazi, juu na chini, huku kushoto na kulia yametulia. Upepo hauhusiki. Ni kasi ya vichwa inayotofautiana. Kwa .308 ya kawaida, tofauti ya futi 30 kwa sekunde kati ya risasi na risasi ni karibu inchi 10 ikifika yadi 1000, na duara la pointi kumi kwenye shabaha ya F-Class (mashindano ya kulenga mbali) ya umbali huo ni inchi 10. Yaani umelimaliza duara kabla hata hujakosea mwenyewe.

Kwenye ganda, tazama mbano wa shingo kabla ya kitu kingine. Shingo moja ikibana sana na nyingine kidogo, kila kichwa kinatoka kwa nguvu yake. Unapozamisha vichwa kwenye presi, mkono unakuambia: kimoja kinateleza, kinachofuata kinagoma. Viweke kando vile vilivyogoma, vipige kama kundi lake, uone vinaangukia wapi. Mimi ndivyo nilivyoacha kubishana na suala hili.

Kukadiria mbano, pima nje ya shingo ya risasi iliyojazwa. Ikiwa ni inchi 0.336, bushi (kipete cha kubana shingo) ya 0.334 kwenye dai itakupa mbano wa inchi 0.002, na hapo ni pazuri pa kuanzia. Lakini bushi moja haitoi mbano mmoja ikiwa shaba yenyewe si sawa. Kila ganda linapotanuka na kubanwa, shingo inakuwa ngumu zaidi, kama waya unaopindwa na kunyooshwa. Shingo ngumu hurudi nyuma kama springi baada ya kubanwa. Ukichanganya kwenye boksi moja ganda la mara ya pili na la mara ya nane, umechanganya mibano miwili.

Dawa yake ni kuilainisha shingo kwa moto, kila mara au kila baada ya mapigo matatu, mradi maganda yote ya fungu yapitie pamoja. Tochi ya gesi, ganda likizungushwa, sekunde chache tu. Rangi maalumu ya kuonyesha joto hupakwa ndani ya shingo iyeyuke kwenye kiasi cha nyuzi 400 za Selsiasi, na nyingine ya kama nyuzi 230 hupakwa mwilini chini ya bega, ambayo haitakiwi kuyeyuka. Shingo ikiwa nyekundu ya kung'aa kwenye chumba chenye mwanga, umepitiliza. Kitako kisiguswe na moto hata siku moja. Ugumu wake ndio unaoshikilia zile pauni 62,000, na ganda lililolainika kitakoni ni la kutupa. Usije ukayaweka maganda kwenye oveni, kwa sababu oveni haichagui shingo na kitako.

Chanzo kingine kimekuja na mashine za kuoshea kwa maji na pini za chuma. Maganda yanatoka yanang'aa kama mkufu wa dukani, ndani ya shingo hakuna hata chembe ya masizi. Uzuri huo una gharama. Masizi yale membamba ndiyo yaliyokuwa yanalainisha njia. Shaba tupu ikikutana na kichwa cha shaba nyekundu vinang'ang'aniana, na risasi zikikaa miezi ndiyo zaidi. Nikiosha kwa pini, nasugua ndani ya shingo kwa brashi iliyochovywa unga wa grafiti. Pini hizo pia hugongagonga mdomo hadi ukingo unajikunja, kwa hiyo kukata na kuchonga mdomo kuje baada ya kuosha.

Mwisho wa jambo hili ni maganda ya viwanda tofauti. Ya kijeshi kwa kawaida yana kuta nene kuliko ya kiraia, nafasi ndani ni ndogo, na baruti ileile inaleta shinikizo kubwa zaidi. Ukitaka usahihi usiyachanganye, na ukitaka usalama wako usiyachanganye.

Tundu moja linakimbia

Manne yamekaa pamoja, la tano liko inchi moja pembeni, halafu la sita linarudi kwa wenzake. Ikiwa hukuivuta triga vibaya (na mpigaji mkweli hujua), bingirisha risasi zilizobaki kwenye kifaa chenye geji ya mshale. Mshale ukicheza hadi inchi 0.003 sina wasiwasi. Ukicheza 0.006 au 0.008, kichwa kimeelekea upande.

Watu hulaumu dai ya kuzamishia vichwa. Pima kwanza shingo ya ganda tupu lililotoka kupigwa: karibu kila mara imenyooka, maana chemba imenyooka. Pima tena baada ya dai ya kubana. Ikiwa mchezo umeanzia hapo, mshukiwa ni ile tufe ya kutanulia shingo inayopita ndani wakati wa kupandisha mkono wa presi. Sikiliza. Ikipiga mlio kama bawaba kavu, inaivuta shingo kwa nguvu na kuipinda. Paka mafuta kidogo ndani ya shingo, au itoe kabisa utumie mandreli (kijiti cha chuma cha kutanulia shingo) inayosukuma kutoka juu. Kwangu mandreli ilimaliza tatizo kwa jioni moja.

Ukiona unyoya mwembamba wa shaba nyekundu umebaki mdomoni baada ya kuzamisha kichwa, hukuchonga mdomo kwa ndani. Chonga kidogo, ukingo usiwe kisu.

Shingo zinapasuka

Ufa wa wima shingoni baada ya mapigo mengi ni uzee. Lilainishe fungu lililobaki.

Ufa unaotokea ganda likiwa limekaa kabatini bila kupigwa ni habari nyingine. Waingereza walikutana nao India, ambako risasi zilipasuka zenyewe majira ya mvua, na mwaka 1921 watafiti wao wakaeleza kwamba ni amonia, iliyotoka kwenye mkojo wa farasi, ikishambulia shaba ambayo bado ina mvutano ndani yake. Hatuna farasi stoo, lakini tuna dawa za kung'arishia shaba zenye amonia. Brasso ni mojawapo. Ni nzuri kwa bizimu la mkanda wa askari. Usiipeleke kwenye maganda.

Mabonyeo na maganda yanayokwama

Bega likitoka kwenye dai na vibonyeo kama alama za vidole, mafuta yamezidi na hayana pa kutokea. Safisha tundu la hewa la dai, punguza mafuta. Vibonyeo vidogo hunyooka kwenye pigo linalofuata.

Mafuta yakipungua, ganda linakwama. Ukihisi mkono wa presi unazidi kuwa mzito katikati ya safari, simama, rudi, paka tena. Likishakwama, usilipige nyundo. Toboa kitako, tia uzi wa skrubu, livute kwa kifaa cha kulitolea. Na pini ya kutolea fataki ikipinda au kung'ang'ania kwenye ganda la kiwanda cha Lapua la .308 lenye fataki ndogo, jua kwamba tundu lake la moto ni milimita 1.5 badala ya 2.0 tulizozoea. Inatakiwa pini nyembamba. Ukichungulia ndani ukaona matundu mawili badala ya moja, hilo ni la mfumo wa Berdan. Pini itavunjika. Liweke kando.

Fataki hazikai

Fataki ikigoma kuingia kwenye ganda la kijeshi, kuna ukingo uliobonyezwa kiwandani kuishikilia. Uondoe mara moja, kwa kuuchonga au kuusukuma, na hautarudi. Fataki iliyokaa vizuri imezama chini ya uso wa kitako kwa inchi 0.003 hadi 0.005. Pitisha kidole: usihisi kilima.

Ikiingia kwa kusukuma kwa dole gumba tu, kibakuli kimetanuka, na kilichokitanua ni shinikizo. Hapo maswali ni mawili: je, ganda limezeeka, au baruti yako ni nyingi mno? Ikiwa ni ganda jipya la pigo la pili, jibu ni la pili. Simamisha kila kitu urudi kwenye kitabu.

Vumbi la mashine ya kusafishia lina risasi, yaani madini yenyewe ya ledi, kutoka kwenye fataki zilizoungua. Usiiendeshe jikoni, usikaushie maganda kwenye oveni ya chakula, na mtoto asichezee ndoo ya mashine hiyo. Nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla hujamshika.

Ganda ulilolikataa libonyeze mdomo kwa koleo hapohapo mezani, kisha ulitupe kwenye chuma chakavu. Likibaki na umbo lake zuri, wiki ijayo utaliokota tena.